Nimetoka Katmai, Alaska: mbona dubu wanapishana na watu njiani na hawawagusi?

#1 Mpemba wa Barafuni
Wakuu habari zenu. Naishi Anchorage mwaka wa sita sasa, kazi yangu kulea wazee, na kila mwaka nilikuwa nasema safari hii naenda Katmai halafu hela inaishia kwenye mambo mengine. Mwezi wa saba huu nimeenda. Kwa wasioijua, Katmai ni hifadhi iliyoko kwenye rasi ya Alaska, hakuna barabara ya kukutoa mjini mpaka kule. Unapanda ndege Anchorage mpaka kijiji kinaitwa King Salmon, hapo unahamia kwenye kindege kinachotua juu ya maji, mnashuka ziwani Naknek sehemu inaitwa Brooks Camp, na mtu wa kwanza kukupokea ni renja anayekwambia simama kwanza hapo hapo kuna dubu anapita ufukweni. Na kweli anapita.

Kabla hujaenda popote unaingizwa darasani, wenyewe wanaita shule ya dubu. Usimsogelee chini ya yadi 50, kama mita 45 hivi. Usikimbie hata iweje. Usile njiani, hata soda hapana, maji matupu tu. Ongea au piga makofi ukitembea porini ili asishtuke. Ukimaliza unapewa kibeji unabandika kifuani, ndo ruhusa yako.

Sasa swali langu. Nimekaa siku mbili, nimehesabu dubu zaidi ya thelathini. Kwenye maporomoko ya Brooks wamesimama kama watu kwenye foleni ya bomba wanasubiri samaki wa samoni aruke aingie mdomoni. Dubu mama mmoja na watoto wake watatu alipita chini ya jukwaa nililosimama, namsikia anavyohema, hakuinua hata kichwa. Dume la pale linafika kilo 400 na zaidi, sisi tumejazana pale nyama laini tupu, mbona halitugusi? Renja mmoja kanipa jibu lake, mwenzake kanipa lingine kabisa. Nataka kusikia kwenu mliokulia karibu na wanyama.

#2 kijana_wa_ubungo
Picha mkuu. Uzi wa dubu bila picha ni ugali bila mboga.

#3 Dereva Mstaafu
Jibu mbona liko wazi, wameshiba. Nimeendesha watalii Serengeti na Ngorongoro miaka 19, simba aliyetoka kula nyumbu unampita hapo kalala tumbo juu hana habari na wewe. Hao samoni ndo nyumbu wa kule. Msimu wa nyumbu kuvuka Mto Mara mamba wamelala na vinywa wazi, subiri msimu upite uone kama utachota maji pale.

#4 Ummu Swaleh
Mpemba umefika mbali hongera. Mimi naona tu Mungu kamtilia mnyama hofu ya mwanadamu, basi.

#5 Laini ya Samaki
Nimeshtuka kuona mtu kataja Naknek humu! Mi nimefanya kazi hapo Naknek misimu miwili kwenye kiwanda cha samaki (mwaka wa kwanza nilikuwa bado chuo), ni kama kilomita 25 tu kwa barabara kutoka King Salmon, na barabara zenyewe hazitoki nje ya eneo hilo. Tulikuwa tunasimama kwenye laini ya kusafisha samaki masaa 16 kwa siku mwezi mzima, mikono inavimba mpaka asubuhi huwezi kukunja ngumi. Sasa nikwambie Dereva Mstaafu, wingi wa samaki wa kule hujawahi kuuona kokote. Bristol Bay, ghuba ya hapo Naknek, ndo kuna samoni mwekundu mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote duniani, mwaka 2022 walirudi kama milioni 79, rekodi. Anazaliwa mtoni, anaenda kukulia baharini miaka miwili mitatu, halafu anarudi mto ule ule aliozaliwa anataga na kufa. Njiani humo dubu ndo anamsubiri.

Lakini hoja ya kushiba siipi asilimia mia. Dubu hao hao wakija kijijini Naknek na kukuta mapipa ya taka wanakuwa balaa, anavunja mlango wa stoo, anafukuzwa anarudi, na kule sheria inakuruhusu kumpiga risasi ukitetea maisha au mali yako. Na msimu ni ule ule, mto umejaa samaki. Kama ni shibe mbona huyu hajashiba? Mi naona siri ni chakula cha binadamu. Dubu wa Brooks hajawahi kuonja mkate wako, kwa hiyo wewe kwake ni mti unaotembea.

#6 Mpemba wa Barafuni
#5 ndugu yangu umenigusa, nilipita King Salmon nikaona makontena ya samaki nikajiuliza kama kuna mtu wetu hapa. Na hilo la chakula ndo jibu la renja wa kwanza. Kambini kuna uzio wa umeme kuzunguka mahema na chakula chote kinawekwa kwenye kibanda maalum, hata dawa ya meno unaipeleka huko. Wanapokea watu 60 tu kwa usiku.

#7 Msee wa Rongai
Hii story iko sawa lakini kuna kitu hamjagusa. Dubu wa hiyo place hawindwi. Sisi huku simba wa Nairobi National Park wakitoka upande wa Rongai na Kitengela wanaogopa watu vibaya, juu wanajua mkuki. Mnyama ambaye hajapigwa hana sababu ya kukuogopa wala kukushambulia.

#8 Dereva Mstaafu
#7 kijana umejipinga mwenyewe hapo. Mnyama asiyekuogopa ndo wa hatari zaidi, muulize mtu yeyote wa pori.

#9 Mwl. Jografia
Nisahihishe na niongeze. Hifadhi ya Katmai uwindaji hauruhusiwi, sawa, lakini sehemu ya kaskazini imepewa hadhi nyingine na huko uwindaji wa dubu unaruhusiwa kwa kibali. Dubu hasomi mpaka, leo yuko huku kesho yuko kule. Kwa hiyo hoja ya #7 inataka mguu mwingine wa kusimamia.

Pili, mleta mada umesahau nusu ya habari. Hiyo sehemu haikuhifadhiwa kwa ajili ya dubu kabisa! Ilihifadhiwa mwaka 1918 kwa ajili ya volkano, ikaja kuwa hifadhi kamili ya taifa mwaka 1980. Tarehe 6 Juni 1912 Mlima Katmai ulilipuka, mlipuko mkubwa kuliko yote ya karne ya 20, na kisiwa cha Kodiak kilichoko zaidi ya kilomita 150 kikakaa gizani karibu siku tatu, mtu akiinyoosha taa mkononi haoni mwanga wake.

#10 Jiwe la Moto
Mwalimu hapo kwenye Mlima Katmai umeteleza kidogo, si peke yako, dunia nzima iliteleza miaka arobaini. Kilicholipuka ni Novarupta, kitundu kingine kabisa kama kilomita 10 kutoka Katmai. Ila magma ilikuwa inachotwa chini ya Mlima Katmai, kwa hiyo kilele cha Katmai kikakosa cha kukishikilia kikadidimia ndani, likabaki shimo ambalo leo ni ziwa. Watu walipofika wakakuta mlima hauna kichwa wakasema basi ndio huu umelipuka. Robert Griggs, yule mtaalamu wa mimea aliyekwenda na National Geographic, naye aliamini hivyo. Miaka ya 1950 ndipo wakapima unene wa majivu wakaona unazidi kadri unavyoikaribia Novarupta.

Na ukubwa wake: magma kama kilomita za ujazo 13, karibu mara 30 ya ule wa Mlima St. Helens wa 1980. Ukungu wa vumbi lake ulionekana mpaka Algeria ndani ya wiki mbili, yaani ulifika Afrika.

#11 Mwl. Jografia
#10 nakubali sahihisho, ahsante. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano nitawarekebishia wiki ijayo.

#12 kijana_wa_ubungo
Mwalimu kakubali kosa hadharani, wakuu tupige picha hii post.

#13 Mpemba wa Barafuni
Volkano sijaisahau mwalimu, nilikuwa naiweka akiba. Siku ya pili nilipanda basi, kutoka Brooks Camp kuna njia ya vumbi maili 23 mpaka sehemu ya juu unaliona bonde zima. Bonde la Mioshi Elfu Kumi. Griggs ndiye aliyelipa jina mwaka 1916, alikuta mvuke unatoka ardhini kila mahali mpaka macho yanapoishia. Leo mioshi karibu yote imezima, majivu yamepoa. Lakini wakuu, nimekulia Pemba kwenye kijani, sijawahi kuona ardhi ya vile. Rangi ya pinki, ya njano, ya kijivu, hakuna mti hata mmoja, na mito imekata majivu ikashuka chini kama kisu kwenye mkate wa mofa, makorongo membamba yenye kina cha kutisha. Kuna sehemu majivu yana unene wa mita 200. Wanaanga wa Apollo waliletwa pale mwaka 1965 na 1966 kujifunza kusoma miamba kabla ya kwenda mwezini, na ukisimama pale huulizi kwa nini.

Kitu kilichonikaa moyoni ni kwamba watu walikuwa wanaishi kule. Wenyeji wa Alutiiq. Matetemeko yalianza siku kadhaa kabla, wengi wakaondoka kwa mitumbwi, na hakuna kifo kinachojulikana kilichosababishwa moja kwa moja na mlipuko. Lakini kijiji cha Katmai hakikurudiwa tena. Serikali ikawahamishia mbali wakajenga kijiji kipya wakakiita Perryville, jina la nahodha aliyewasaidia kwa meli. Nyumba zao ziko chini ya majivu mpaka leo.

#14 Mutoto ya Goma
Bandugu, miye niko mutu ya Goma, hii ya volkano inanigusa. 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya muji, ilifunika sehemu ya kiwanja ya ndege, ikaenda mupaka ku ziwa. Nyumba ya baba yangu ilibaki chini ya mawe. Tulijenga tena juu yake, palepale. 2021 mwezi wa tano ilitoka tena usiku, tukakimbia na watoto ku njia ya Sake. Mpemba, bale batu ya Katmai walipata serikali ya kuwahamisha na mahali ya kwenda. Sisi tunarudiaka juu ya lava kwa sababu hatuna mahali ingine. Naona iko uzito wa namna mbili.

#15 Ummu Swaleh
Pole sana ndugu wa Goma. Mungu awalinde.

#16 Jiwe la Moto
Pole sana #14. Na tofauti yake inafaa ielezwe: lava ya Nyiragongo ni nyepesi sana, inakimbia kama maji, ndio maana inawahi watu. Ya Novarupta ilikuwa nzito yenye gesi nyingi, haikutiririka, ililipuka ikawa majivu na upepo wa moto uliofuata bonde. Halafu yetu ya Ol Doinyo Lengai ni ya tatu kabisa, haifanani na nyingine yoyote inayotema moto leo duniani, ina joto dogo, nyuzi 500 hadi 600 tu, inatoka nyeusi kama oili na ikipigwa na hewa siku chache inakuwa nyeupe. Wamasai wanauita Mlima wa Mungu. Katmai peke yake ina volkano hai zisizopungua 14.

#17 Msee wa Rongai
Turudi kwa dubu tafadhali, niliacha mtu na swali.

#8 Mzee, sikiza. Kaskazini ya hapo Katmai kuna place inaitwa McNeil River, wanaingiza watu 10 pekee kwa siku, kwa bahati nasibu, na mnakaa chini kwa changarawe dubu wakipita karibu kabisa na nyinyi. Tangu waanze huo mpango wa vibali miaka ya 70 hakuna mgeni ameumizwa. Hawa dubu hawaogopi watu na hawagusi watu. Kwa hivyo kutoogopa si hatari peke yake, inategemea amekuzoea wewe ukifanya nini. Ukiwa kila siku uko mahali pamoja, saa zile zile, hufanyi kitu, anakuweka kwa list ya vitu vya kawaida.

#18 Dereva Mstaafu
Hiyo ya kuzoea naikubali nusu. Ngorongoro simba wamezoea magari mpaka wanalala kivulini mwa tairi. Lakini shuka sasa kwenye gari uone kama amekuzoea wewe au amezoea Land Cruiser. Kule kwa Mpemba watu wanatembea kwa miguu, hilo ndo linanishinda.

#19 binti wa Usa River
Naomba niongeze kitu ambacho nimekiona kwenye zile kamera za laivu za maporomoko ya Brooks, nazitazama kila msimu tangu nipo hosteli. Yule mama na watoto wa Mpemba hakupita chini ya jukwaa kwa bahati. Majike wenye watoto wanasogea karibu na watu KWA SABABU madume makubwa hayapendi kukaa karibu na watu, na dume ndilo linaua watoto. Yaani sisi ni ngao yake. Julai 2024 dume linaitwa Chunk, namba 32, lilimuua mtoto wa Grazer, namba 128, pale pale maporomokoni, mtoto aliposombwa na maji akaingia eneo la dume. Nililia. Halafu vuli ile kwenye mashindano ya Fat Bear Week, yale ya watu kupiga kura nani kanenepa zaidi kabla ya kulala baridi, fainali ikawa Grazer dhidi ya Chunk, na Grazer akashinda. Mwaka uliofuata Chunk akaja na taya lililovunjika, akala hivyo hivyo, akashinda yeye.

#20 kijana_wa_ubungo
Mashindano ya unene yana kisasi na fainali kuliko ligi yetu. Dada #19 umenifungulia dunia, nimeshaingia kwenye kamera hizo, kuna mmoja kalala katikati ya mto.

#21 Laini ya Samaki
#19 umetoa pointi ila tazama inavyovunja hoja ya shibe moja kwa moja. Septemba 2024 dume namba 469 lilimuua jike namba 402 mbele ya kamera, mwisho wa mwezi, baada ya msimu mzima wa kula. Mpaka wakaahirisha kutangaza ratiba ya mashindano. Dubu mkubwa anaweza kula samaki zaidi ya 30 kwa siku, huyo bado alikuwa na sababu ya kuua. Sasa tuseme shibe inamzuia asile mtu lakini haimzuii asimle mwenzake?

#22 Dereva Mstaafu
Mwisho wa Septemba ndo shibe inapoisha kijana! Samaki wamepungua, baridi inakuja, dubu anajua atalala miezi bila kula na atapoteza theluthi ya uzito wake. Njaa yake haiko tumboni, iko mbele yake. Na mnakumbuka yule Mmarekani Timothy Treadwell aliyekuwa anaishi na dubu wa Katmai kila kiangazi miaka 13, anawapa majina, anawagusa? Aliuawa pamoja na mwenzake Oktoba 2003, pwani ya hifadhi hiyo hiyo. Oktoba. Si Julai. Nimemaliza.

#23 Msee wa Rongai
Mzee hujamaliza. Treadwell alikuwa anawagusa na amepiga hema katikati ya njia zao, bila uzio wa umeme, na ameenda pale miaka 13 akatoka salama 12. Hiyo case inaweza kuwa yako, yangu, na ya #5 pia.

#24 Ummu Swaleh
Na yangu pia. Hofu ikiondolewa, ulinzi unaondoka.

#25 Mch. wa Kijiji
Dada Ummu nakuunga mkono ila kwenye Biblia dubu wawili waliwararua vijana 42 waliomcheka Elisha, kwa hiyo hofu ya mwanadamu siyo daima. Nauliza pia, huyu dubu Afrika hakuwahi kuwepo? Maana jina tunalo.

#26 Mwl. Jografia
Jina limetoka kwenye Kiarabu, mchungaji. Na dubu Afrika alikuwepo, milima ya Atlas huko Moroko na Algeria, akamalizika karne ya 19. Kusini ya Sahara hapana. Wa Katmai ni dubu wa kahawia, spishi moja na grizli wa bara, tofauti ni samaki: wa pwani wanakula samoni wanakuwa wakubwa mno. Hifadhi inakadiria wako 2,200, kwenye eneo kubwa kuliko Serengeti.

#27 binti wa Usa River
Mpemba gharama ikoje na nianze lini? Nasoma Minnesota nina likizo mwezi wa saba.

#28 Mpemba wa Barafuni
Kiingilio hakuna kabisa, hela inaliwa na ndege. Nafasi za kambi zinafunguliwa mwanzoni mwa Januari na zinaisha haraka, kaa na simu mkononi. Vyumba vya loji ni vya bahati nasibu. Weka siku mbili za ziada kila upande, mimi ukungu ulinifungia King Salmon siku nzima, kampuni ya ndege ikatuambia tusubiri tu, tukalala ukumbini kwenye mabegi. Jukwaa la maporomoko linachukua watu 40, Julai unaandika jina unasubiri zamu, ukiingia unapewa saa moja. Na usipange kitu chochote kwa saa kamili, dubu akilala njiani wote mnasimama mpaka aamke. Zamani daraja lilikuwa la kuelea watu wanakwama masaa, tangu 2019 kuna la kunyanyuka juu angalau.

#29 Laini ya Samaki
Mpemba hujatuambia renja wa pili alisemaje. Wa kwanza alisema chakula.

#30 Mpemba wa Barafuni
Alikuwa mama wa makamo, ana misimu mingi pale. Alisema hatuwezi kujua anawaza nini, tunachojua ni kwamba kila dubu wa mtoni ana tabia yake. Kuna anayepita jukwaani kama hakuna mtu, kuna mwenzake akisikia sauti ya mtoto wa binadamu anarudi msituni, na wote wanakula samaki wale wale na wamezaliwa bonde moja. Akasema yeye anafanya kazi kana kwamba majibu yote ni kweli kwa wakati mmoja, anafungia chakula, anapanga watu, anahesabu siku za msimu.

#31 Dereva Mstaafu
Huyo mama angefaa kuwa dereva wa Serengeti.

#32 Msee wa Rongai
Lakini hajajibu swali.

#33 Mpemba wa Barafuni
Hajajibu, ndo maana niko hapa na nyie. Jioni ya mwisho nilikuwa narudi kambini, tuko watano tunaongea kwa sauti kama tulivyofundishwa, mbele yetu kijana wa dubu akatoka kwenye majani. Tukasimama, tukarudi nyuma taratibu, tukaingia pembeni ya njia tumuachie. Naye alisimama, akanusa upande wetu, kisha akatoka njiani upande wa pili, akapitia kichakani kwa mzunguko mrefu mpaka ufukweni. Tukabaki sisi kwenye majani na yeye kwenye majani, njia iko tupu katikati.

#34 kijana_wa_ubungo
Picha mkuu.